Mwenye ugonjwa wa akili asikose dawa wakati wa mlipuko

Tangu mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 atangazwe nchini Tanzania tarehe 16 Machi 2020, sisi wauguzi wa afya ya akili tumeona wazi kwamba hofu ya ugonjwa mpya inapowazuia watu kwenda hospitali, anayeumia mapema ni yule aliyekuwa amekwisha kutulia: mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo) anayechomwa sindano kila baada ya wiki 4, au mwenye kifafa anayemeza fenobabito kila usiku. Watu hawa hulima, hubangua korosho na husali pamoja na wenzao, kwa hiyo familia huona si neno wakikosa kliniki mwezi mmoja. Ni neno kubwa. Fenobabito ikikatizwa ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokoma, nayo ni dharura inayoweza kuua.

Kwa sababu hiyo, katika mlipuko wowote muuguzi anapaswa kumfuata mgonjwa nyumbani, hasa katika vijiji vya Newala au Liwale, ambako nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ni mzigo hata nyakati za kawaida. Akifika huamkia wazee, hunawa mikono, kisha huketi nje chini ya mkorosho, barakoa ikiwa usoni. Hatangulizi swali la kama dawa zinamezwa, maana atajibiwa “ndiyo” ya adabu. Huomba kuziona. Bahasha ikiletwa, vidonge humiminwa kwenye sahani na kuhesabiwa: vilipaswa kubaki 6, vimebaki 23. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza, bila kugombeza, na huenda mgonjwa akasema kwamba dawa humlegeza hata akashindwa palizi. Hilo ni lalamiko halali, na dozi inaweza kupangwa upya na mtaalamu. Kosa ni kuiacha kimyakimya.

Zipo dalili mbili ambazo ningependa kila kaya izijue. Mzee mwenye homa anayeanza ghafla kuweweseka, kutotambua wanawe au kuona vitu visivyokuwepo, huenda ameathiriwa na maambukizi yenyewe. Hajarogwa, na anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Vilevile, anayetumia dawa za skizofrenia akipata homa kali huku misuli imekakamaa, jasho linamtoka na fahamu zinapotea, asitengwe chumbani kwa kudhaniwa kuwa ni UVIKO tu, kwani yawezekana ni madhara ya dawa, ambayo ni nadra lakini ni hatari sana.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Kwetu, ambako matanga ndiyo dawa ya kwanza ya mfiwa, kuzika bila watu kukusanyika ni jeraha la peke yake, na jirani anaweza kulipunguza kwa kupiga simu au kusimama uani na kumsikiliza mfiwa hadi amalize kusema.

Mgonjwa wa akili asiyeelewa kwa nini anatengwa asifungwe kamba. Aelezwe kwa sentensi fupi, na ndugu anayemwamini, mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Akizidi kuchafukwa, kituo cha afya kijulishwe mapema, kabla dawa zake hazijaisha.