Kipaimara si mahafali

"Nilishapata Kipaimara, mafundisho ya nini tena?" Kauli hii husikika sana parokiani, na haina msingi. Kanisa Katoliki linahesabu Kipaimara (kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu), pamoja na Ubatizo na Ekaristi, kuwa sakramenti za kuingizwa katika Ukristo. Aliyeingia ndiyo kwanza anaanza.

Darasa la mtu mzima ni jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya waamini majirani wanaokutana kusali. Chukueni Injili ya Dominika ijayo, mfuate hatua saba: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililomgusa kila mmoja, kukaa kimya dakika chache, kushirikishana, kupanga la kutenda, kusali. Panapoharibika ni hatua ya nne: mtu anaogopa ukimya, anaanzisha pambio. Ya tano nayo hugeuka mahubiri. Msemaji aseme "limenigusa", si "mnapaswa". Michango ya ujenzi isomwe mwishoni kabisa, la sivyo itameza saa nzima (na wasio na hela wataacha kuja). Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya na Iringa ikishika, anzeni saa kumi alasiri. Usiku wazee hawatoki.

Masomo ya Dominika huzunguka miaka mitatu: Mathayo mwaka A, Marko B, Luka C, Yohana akisikika zaidi Kwaresima na Pasaka. Mwaka wa Kanisa huanza Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, ila kujiunga hakusubiri Majilio.