Ada ya klabu ya farasi, kabla hujasema ni ya kufukuza watu

Huku Arusha wengi tunaamini ada ya uanachama kwenye klabu za farasi imepandishwa makusudi ili wasio na hela wakae mbali, kwani farasi si anakula majani tu kama ng'ombe. Inaeleweka, wengi tunawaonaga kwa mbali tu.

Ila farasi wa kilo 500 anakula kama kilo 10 za majani makavu kwa siku, yani robota la kilo 15 halifikishi hata siku mbili, bado maji lita 25 mpaka 50, kwato zinakatwa kila wiki 6 hadi 8, halafu kuna chanjo ya kila mwaka ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi. Na anakula hivyohivyo hata wiki ya mvua ambayo hakuna aliyempanda! Hapo ndo ada inapotokea: gharama ya mwaka mzima wanagawana wanachama, wakipungua kila mmoja anabeba zaidi.

Ukitaka kuhakikisha omba bajeti, kaulize bei ya robota kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa pale Tengeru, zidisha kwa robota wanazokula farasi wote kwa mwaka, jumlisha gharama nyingine za kwenye bajeti, halafu gawa kwa idadi ya wanachama. Ikipishana sana na ada waulize, maana za mbwembwe nazo zipo.