Bata mgeni na bata mkorofi: anayehama kwanza ni mwenyeji

Wanaoniuliza habari za bata mara nyingi huja na kisa kilekile. Mtu amebakiwa na bata jike mmoja, mwenzake amekufa. Anamwonea huruma, anamtafutia mwenzi, anamfungulia tenga mgeni katikati ya banda. Punde si punde mwenyeji amelaza shingo chini kama nyoka, kamrukia mgeni, kamng'ata kisogoni na anamburuta. Mwenye bata kaduwaa: si juzi tu huyu alikuwa akilia upweke?

Alikuwa mpweke kweli, ila banda ni lake. Anajua kona anayolala, chombo anacholia na maji anayoogea, na vyote hivyo kaona vimevamiwa. Kwa hiyo mimi simpeleki mgeni kwa mwenyeji. Namtoa mwenyeji kwake, wakutane wote wakiwa wageni.

Kabla ya hapo kuna karantini, na hapo sina mjadala. Mgeni akae wiki nne mbali na bata wengine, na vyombo vyake mwenyewe, na ahudumiwe wa mwisho ili viatu vyako visirudi na uchafu kwa wenyeji. Bata anaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege akaonekana mzima kabisa. Tazama kinyesi, tazama macho na pua, mfunue mabawa utafute chawa.

Kisha waya. Ligawe banda kwa waya wa matundu madogo, maana kichwa kikipenya upande wa pili kitang'atwa. Waonane na kusikiana bila kufikiana, wiki moja hadi mbili. Vyombo vya chakula viweke karibu na waya, kila upande chake. Siku za mwanzo mkorofi atasahau hata kula, atashinda akipiga doria kwenye waya huku akipayuka. Muache achoke. Ninachosubiri mimi ni usingizi: siku nitakapowakuta wamelala, mdomo umefichwa mgongoni, kila mmoja upande wake lakini wote wameusogelea waya, najua kazi kubwa imekwisha. Niliwahi kuuondoa waya siku ya tatu kwa sababu tu nilihitaji nafasi. Manyoya ya shingo ya yule mgeni yalichukua wiki kadhaa kuota tena.

Siku ya kukutana, watoe wote wawili asubuhi kwenye uwanja ambao mkorofi hajauzoea. Tawanya chakula chini, eneo pana, wawe na shughuli. Bwawani usiwapeleke: kwenye maji ya kina bata mmoja anaweza kumpanda mwenzake na kumkandamiza hadi akafa maji. Wakiwa nje, wewe ingia bandani ubadilishe mpangilio. Matandiko mapya, chombo cha maji huku, cha chakula kule, na cha pili mbali kiasi kwamba bata mmoja hawezi kuvilinda vyote. Simamisha ubao katikati ili anayekimbizwa apate pa kuzungukia, asibanwe kwenye kona.

Watagombana, usiruke. Kusukumana vifua, kudonoana, kufukuzana hatua chache ndivyo wanavyopangana nani mkubwa. Mimi huangalia jambo moja: mgeni akikimbia, mwenyeji anarudi zake au anaendelea kumfuata? Akirudi, kaa utulie. Akimfuata uwanja mzima, akimlalia, akimzuia kula, au ukiona damu, warudishe kwenye waya.

Dume ni habari nyingine. Utamjua kwa sauti ya kukwaruza na, kwa aina nyingi, unyoya uliojikunja mkiani. Ukali wake mara nyingi hautokani na eneo bali na majike kuwa wachache; dume mmoja anataka majike wanne au watano, na madume wawili kwa jike mmoja hakuna waya utakaowapatanisha. Naye jike anayeatamia usimguse kabisa. Ngoja siku zake 28 ziishe, au 35 kama ni wa aina ya Muscovy, wale wenye nyama nyekundu usoni, na hata baada ya hapo mpe muda na vifaranga wake.

Nilikuwa na jike mmoja mweupe aliyeshindikana. Wiki tatu za waya, uwanja mpya, kila kitu, bado anang'ata. Nikamhamisha yeye mahali asipoweza kuliona banda, nikamwachia mgeni nyumba nzima. Siku ya nne jioni nikamrudisha. Akasimama mlangoni. Mgeni alikuwa kwenye kona ileile aliyokuwa akilala yeye, na hakuinuka. Yule mweupe akatikisa mkia, akazunguka nyuma ya ubao, akaenda kunywa kwenye chombo cha pili.