Jua linafika wapi ndani ya ngozi?

Siku ya kwanza, ngozi tunayoikuza maabara ili kuipima kwa jua ni jeli tu: kolajeni, protini ya nyuzi inayoipa ngozi uimara, iliyochanganywa na faibroblasti, seli za tabaka la ndani la ngozi. Kesho yake imesinyaa. Seli zimeshika nyuzi za kolajeni na kuzivuta, mpaka jeli imebanduka kwenye kuta za kisahani. Nimeliona hilo miaka mingi na bado husimama kulitazama.

Juu yake tunapanda keratinosaiti, seli za tabaka la nje. Nyingi hutoka kwenye magovi ya watoto waliotahiriwa hospitalini, wazazi wakiwa wameridhia. Ufundi wa kuzikuza kwa wingi tuliachiwa na Rheinwald na Green wa Marekani mwaka 1975. Kwanza zinazamishwa kwenye maji ya lishe, kisha tunazipandisha: chini zinywe, juu zipigwe na hewa. Hewa ndiyo inayozifanya zijipange tabaka kwa tabaka na kuota gamba. Baada ya wiki mbili hivi, unachoshika kwa kibano kinafanana na ule utando wa ndani ya ganda la yai.

Panya hatufai sana kwa kazi hii. Ngozi yake ni nyembamba, ina manyoya, na seli zake za rangi nyingi zimekaa kwenye vinyweleo.

Kabla ya kuwasha taa ya urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana (UVA na UVB), tunaweka maji ya chumvi badala ya maji ya lishe, maana rangi nyekundu ya lishe hunyonya mwanga. Kifuniko nacho kitolewe. Mwanafunzi wangu mmoja alikisahau. Plastiki ikameza sehemu kubwa ya UVB, vipande vikatoka vizima, na wiki tatu za kazi zikapotea.

UVB huishia zaidi tabaka la nje. Kesho yake, chini ya hadubini, unakuta keratinosaiti zilizokufa, kiini kimejikunja na kuwa cheusi. UVA ina tabia nyingine. Dozi ikitosha, tabaka la nje linaweza kuonekana salama kabisa, lakini ukishuka kwenye kolajeni unakuta faibroblasti zimetoweka. Picha hiyo huwaonyesha wanaoniambia, “Mimi jua haliniunguzi.” Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia UVB na kupitisha UVA nyingi; dereva wa basi anakaa nayo kutwa nzima, mkono uko dirishani.

Linaloniuma ni kwamba ngozi nyingi za maabara hazina melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi. Ngozi kama hiyo haiwezi kutusemea sisi wenye ngozi nyeusi. Ukiziweka melanosaiti, kipande kinageuka kahawia taratibu, na melanini, ndiyo rangi yenyewe, inajipanga kama kofia juu ya viini. Tukitafuta makovu ya DNA, yaani mahali jua lilipoiharibu, kwa kingamwili inayong’aa kijani, kwenye ngozi nyeusi kijani hukaa zaidi tabaka za juu. Kwenye ngozi nyeupe hushuka hadi safu ya chini kabisa, zinakozaliwa seli mpya, na huko ndiko saratani huanzia.

Mtu mwenye ualbino anazo melanosaiti. Melanini ndiyo haitengenezwi ipasavyo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua. Mafuta kama hayo nataka yapimwe juu ya ngozi ya maabara iliyokuzwa kwa seli zao wenyewe, yenye faibroblasti chini, ili tuone UVA inazuiwa hadi kina gani.