Injini ya turbo iliyotumika: ipe nusu siku kabla hujaipa pesa

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, kuna STI nimeiona Mtwapa, mwenyewe anataka kuiuza haraka. Nikupitishie gerejini uiangalie?" Jibu langu ni lile lile. Usiniletee gari. Nipeleke mimi liliko gari, alfajiri, kabla mtu hajaligusa, na siku hiyo usiwe na safari nyingine.

Nina gereji hapa Malindi, na kazi yangu kubwa ni Subaru zenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), yaani Impreza WRX na STI. Vijana wa Pwani wanazipenda, na mimi nazipenda zaidi yao. Injini zake nyingi ni za ukoo wa EJ. EJ20 ilianza kufungwa kwenye Legacy mwaka 1989, na Subaru waliiaga mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555 tu. Kwa hiyo unapofungua boneti leo unaangalia injini yenye umri. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingia nchini, lakini STI nyingi unazoziona barabarani ziliingia zamani, na zimeshapita mikono mitatu au minne. Kila mkono ulikuwa na mguu wake kwenye pedali.

Miaka kadhaa nyuma niliipitisha injini ambayo sikupaswa kuipitisha. Niliikuta baridi, nikaiwasha, nikaisikiliza dakika kumi. Ilikuwa imetulia kabisa. Nikamwambia kijana alipe. Hazikupita siku nne akanipigia akiwa amesimama kando ya barabara Matsangoni, na kwenye simu nikaisikia injini yenyewe kabla sijamsikia yeye: ko-ko-ko-ko. Beringi ya konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Zile pesa alikuwa amezikusanya kwa miaka miwili. Nilimfanyia kazi ile bila kumtoza ufundi, lakini kranki na beringi hazikutoka bure, na lile neno langu la "lipa" bado linaniuma.

Kosa langu lilikuwa hili. Kati ya konrodi na kranki kuna nafasi nyembamba kuliko unywele, na kinachokaa ndani yake ni oili. Oili ikiwa baridi ni nzito, inaijaza nafasi ile hata kama beringi imelika, na chuma hakigusi chuma. Ikishachemka inakuwa nyepesi kama maji ya ndimu, na hapo beringi iliyolika haina pa kujificha. Kuna maradhi mengine ya kinyume chake, yanayosikika injini ikiwa baridi tu, kisha yanapotea. Ndiyo maana siku hizi sisemi lolote kabla sijaiona injini ikiwa baridi, ikiwa moto, na ikishapoa tena. Hiyo ni nusu siku, na pengine asubuhi ya pili.

Tuanze na baridi. Nikifika, jambo la kwanza ni kujua kama kweli haijawashwa. Usipime kwa kugusa boneti. Huku kwetu wakati wa kaskazi, saa tatu asubuhi boneti inaweza kukuunguza na injini haijawashwa wiki nzima. Mimi napitisha mkono chini, kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini) na karibu na mabomba ya ekzosi, mahali jua halifiki. Pakiwa na joto, namuuliza mwenye gari kwa heshima. Mara nyingi husema, "Niliipasha kidogo, betri ilikuwa imelala." Namjibu, "Hakuna neno kaka, tutarudi kesho." Pengine anasema kweli. Lakini asubuhi ya injini ikishapotea haipatikani tena siku hiyo.

Kabla ya ufunguo, navuta kijiti cha oili. Naangalia kimo, kisha nanusa. Oili inayonuka petroli imekuwa ikizimuliwa na petroli inayopita kwenye ringi za pistoni. Nafungua kifuniko cha kujazia oili: utando kidogo wa rangi ya maziwa usikutishe, kwa sababu gari linalokwenda sokoni na kurudi tu, katika unyevu wa Pwani, hupata utando huo bila ugonjwa wowote. Ukiwa mzito, na kijitini upo pia, hilo ni neno jingine.

Halafu maji ya rejeta. Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo magari ya Malindi yanapouawa polepole. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mtu akipungukiwa na maji ya rejeta anachota ndoo hapo hapo uani. Bloku (mwili wa injini) na hedi (vichwa vyake) za EJ ni alumini. Chumvi inaila alumini kwa ndani, inaacha magamba kwenye vijia vya maji, na gasketi ya hedi inabaki kushika uso uliojaa mashimo. Nikifungua kile kitangi cha juu kilicho karibu na turbo (injini ikiwa baridi tu, ukikifungua ikiwa moto utaungua uso) nikakuta maji ya rangi ya kutu au ukoko mweupe mdomoni, bei inashuka papo hapo, hata kama injini inaimba. Maji ya mfereji nayo si dawa. Tia kulanti (maji maalum ya rejeta) iliyochanganywa tayari, au uichanganye na maji yaliyosafishwa, kama yale ya betri.

Sasa washa. Mimi nasimama mbele, mwenye gari anawasha. Mlio wa kukereza upande wa mbele kwa sekunde chache mara nyingi ni kikaza mkanda wa taimingi (mkanda unaozipa valvu wakati wa kufunguka) kilichochoka. Mlio wa tak-tak-tak unaofifia kadiri injini inavyopata moto ni pistoni inayocheza ndani ya silinda. EJ nyingi zinao, na ukiisha ndani ya dakika chache gari linaweza kuishi nao miaka. Nikikuta injini imeshapashwa, dalili zote hizo mbili nimezikosa.

Moshi nao usome vizuri. Silinda za injini hii zimelala ubavuni, mbili kila upande (ndiyo inayoitwa boksa), kwa hiyo oili kidogo hubaki ndani gari likizimwa, hasa likiegeshwa pameinama. Pumzi moja ya moshi wa bluu kisha ukaisha, vumilia. Ukiendelea, ringi, sili za valvu au turbo zina habari. Moshi mweupe wa mvuke ambao watu wa nchi za baridi huuona kila asubuhi, kwetu huku hauonekani sana kwa sababu ya joto. Ukiuona mweupe, unaendelea, na una harufu tamu, hiyo ni kulanti inaungua.

Tukishamaliza hapo tunaingia barabarani. Napenda kuelekea Gede, maana lami inaruhusu kulitumikisha gari kidogo, kisha tunarudi mjini tuingie kwenye msongamano wa tuktuk na eisi ikiwa imewashwa. Mshale wa joto usitikisike. Nikirudi nafunga geji yangu ya presha ya oili, sitegemei taa ya dashibodi. Kitabu cha kiwanda kinataka, oili ikiwa na joto la nyuzi 80, isipungue kama psi 14 injini ikiwa imetulia, na kama psi 43 kwenye mizunguko 5,000. Halafu napandisha mizunguko mpaka 2,500 au 3,000 na kuachia pole pole, sikio langu likiwa kwenye mpini wa bisibisi ndefu, ncha yake juu ya bloku. Pale pa kuachia ndipo konrodi mgonjwa anapozungumza. Ningefanya hivi siku ile, kijana wangu asingefika Matsangoni.

Naichomeka pia kompyuta. Injini hizi zina sensa inayosikiliza mipasuko ya petroli ndani ya silinda, ile tunayoiita kunoki, na kompyuta hujiwekea alama ya imani yake kwa petroli inayopewa. Kwenye nyingi alama kamili ni 1, na kwenye za zamani ni 16. Ukiikuta imeshuka, injini imekuwa ikipigwa na mipasuko na kompyuta inajirudisha nyuma kuiokoa. STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya huko ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka oktani (uwezo wa petroli kuhimili mipasuko hiyo) isiyopungua 96, na vituo vingi huuza ya karibu 100. Super yetu ya kawaida haifiki 100. Gari likiachwa kama lilivyotoka kiwandani hujirekebisha. Likiongezwa presha ya turbo na mtu asiyejua, kwa petroli hiyo hiyo, kingo za pistoni kati ya ringi na ringi hupasuka, na EJ ya lita 2.5 ndiyo dhaifu zaidi hapo.

Kuhusu ile valvu ya kutoa "pshhh" kila ukibadilisha gia, nawaambia vijana wazi: kwenye gari hili hewa imeshapimwa na sensa kabla ya kufika hapo. Ukiimwaga nje, kompyuta inatoa petroli ya hewa ambayo haipo. Nikiona valvu hiyo bila rekodi yoyote ya aliyeirekebisha kompyuta, nazidisha uangalizi kwa kila kitu kingine.

Injini ikiwa bado ina uvuguvugu natoa plagi. Kwenye boksa ni kazi ya kuchubuka vidole, kwa sababu plagi ziko ubavuni, umebanwa na chesi. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Vijidoa vya fedha kwenye kauri nyeupe ni pistoni inayoanza kuyeyuka. Kisha napima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: pedali imekanyagwa mpaka chini, nataka kila silinda isome kati ya 140 na 170 psi, lakini kuliko namba zenyewe naangalia ujirani wao. Silinda tatu zikisoma 150 na moja 125, sina cha kujadili. Hiyo moja naijaza upepo wa kompresa, pistoni ikiwa juu kabisa, kisha natafuta unakotokea. Ukipumua kwenye kifuniko cha oili ni ringi au pistoni. Ukipumua kwenye ekzosi ni valvu. Ukitoa mapovu kwenye maji ya rejeta ni gasketi ya hedi.

Na sasa lile ambalo wauzaji wengi hawalizoei. Namwambia mnunuzi alipie oili mpya na filta, hata kama mwishowe hatanunua gari. Mwenye gari hapotezi kitu. Filta ya zamani naikata kwa kikatio cha mkono chenye gurudumu, si kwa grainda, maana grainda inatia chembe zake. Naitoa ile karatasi iliyokunjwa kama marinda ya leso, naikamua, naikunjua juu ya meza nyeupe nje kwenye jua, kisha napitisha sumaku. Chembe zinazoruka kwenye sumaku ni chuma. Zisizoruka, zinazometa kama unga wa fedha, ni alumini au madini ya beringi. Chembe mbili tatu kwenye injini ya umri huu sizishtukii. Lakini kuna siku niliikunjua karatasi ya STI ya bluu, nzuri kwa nje kuliko zote nilizoziona mwaka ule, kompresheni sawa, presha ya oili inashika kwa shida, na karatasi nzima ikang'aa kama imepakwa hina ya fedha. Muuzaji mwenyewe alinyamaza. Hakuwa mwongo, hakujua. Tulimsaidia asiliwashe tena mpaka sampu ifunguliwe.

Ukishanunua, mambo ni machache lakini hayana msamaha. Mkanda wa taimingi kama hauna risiti, uhesabu haujabadilishwa. Kiwango ni kama kilomita 100,000, na huo mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo badilisha mkanda, kikaza, roli na pampu kwa pamoja. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Oili kila kilomita 5,000, 5W-40 kwa joto letu. Kwenye baadhi ya modeli kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya mpira wa oili unaokwenda kwenye turbo. Kikiziba turbo inakufa kwa kiu, basi mwambie fundi wako akitafute.

Kwa wanaokaa karibu na ufuo, au wanaopita kila siku kule Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi: lile tundu la boneti linaloipa intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) upepo linaipa na chumvi. Suuza mapezi yake kwa maji baridi yasiyo na nguvu, injini ikiwa imepoa. Soketi ya ile sensa ya kunoki iko chini chini hapo kati, na nimeshazikuta pini zake zimefanya ukungu wa kijani. Sensa ikiwa kiziwi, kompyuta nayo haisikii.

Na kijiti cha oili kivute kila ukijaza tangi mara mbili, gari likiwa limesimama sawasawa. Injini hizi hunywa oili, na kati ya alama ya juu na ya chini kuna kama lita moja, katika jumla ya lita nne na kitu. Kijana wa Matsangoni bado analo gari lake. Kila akipita gerejini anasimama, anafungua boneti kabla hata ya kunisalimia, anavuta kijiti, anakipangusa kwa kitambaa, anakirudisha, anakivuta tena, kisha ananionyesha.