“Mkaa Umeshakolea, Ingizeni Ndani”

Kila Juni, baridi inapoanza kuuma Makete, Njombe na Mbeya, maelezo kuhusu jiko la mkaa la kupasha chumba joto ni yaleyale, awe meneja wa gesti, matroni wa bweni au mlinzi wa zahanati: “Jiko tunaliwasha nje. Moshi ukiisha na mkaa ukakolea, ndipo tunaingiza ndani. Halina shida.” Lina shida, tena inaanzia palepale mnapodhani imekwisha.

Moshi wa mwanzo unawasha macho na kukohoza, kwa hiyo mtu anatoka mwenyewe. Lakini kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoua, haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu ndio kiwanda chake. Hewa ikiingia kwa chini ya jiko, oksijeni inaungana na kaboni na kuwa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikipanda kupitia makaa ya juu inanyang'anywa oksijeni na kugeuka kaboni monoksaidi. Zimeni taa mtazame jiko lililojaa: vile vindimi vya buluu vinavyocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Makaa yakianza kuvaa majivu, vindimi vinapotea. Gesi haijaacha kutoka, imeacha kuungua tu, na hiyo ndiyo saa watu wanavuta blanketi na kulala.

Pigeni hesabu. Kilo moja ya mkaa kwenye jiko la kawaida hutoa gramu 200 hivi za gesi hii. Chumba cha gesti cha mita 4 kwa 4, dari ikiwa mita 2.5, kina mita za ujazo 40. Robo kilo tu ikiungua humo bila hewa kutoka, ni gramu 50, yaani miligramu 1,250 kwa kila mita ya ujazo. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 100 kwa dakika 15, na 10 kwa saa 8. Na jiko la bwenini hubeba kilo mbili! Ni kweli chumba si chupa, hewa hupenya. Lakini nani aliyesokomeza matambara chini ya mlango na magazeti dirishani?

Mwinuko nao unaongeza tatizo. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Juu ya upungufu huo inakuja gesi inayong'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kisha miguu inaishiwa nguvu, ndiyo maana wengi huanguka kabla ya kufika mlangoni. Chumba kizima kikiamka na maumivu ya kichwa yanayopungua wakitoka nje, msikimbilie kusema malaria. Watoeni nje, wapelekeni hospitali wapewe oksijeni, na mtamke wazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa, kwa sababu kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni huisoma damu yenye sumu hii kama damu yenye oksijeni ya kutosha.

Bakuli la maji pembeni ya jiko? Gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Hilo bakuli lioshee miguu. Dirisha la upenyo wa vidole viwili nalo si kinga. Upepo ukigeuka, halitoi kitu.

Pasheni mtu joto, si chumba. Moto ubaki nje, ndani yaingie maji: chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi, blanketi mbili, dari, na pengo kati ya ukuta na bati lizibwe. Dari hufanya kazi kuliko majiko matatu.

Kwa wenye boila za kuni, yaani matanuru ya kuchemshia maji, wimbo ni “kuni mbichi zinakaa motoni, zinaokoa hela.” Zinakaa kwa sababu zinachemsha maji yake kwanza. Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo yake inatoa megajuli 8 hivi za joto, wakati kilo ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 inatoa 14. Tanuru likipoa, moshi unapanda haujaungua na kuganda bombani kama lami nyeusi inayong'aa, ambayo siku moja hushika moto humohumo bombani. Pasueni vipande vya sentimita 10, mpange kwenye banda lenye paa na pande wazi. Kuni za Juni zipasuliwe Agosti ya mwaka uliotangulia.

“Tumerefusha bomba, moshi umeisha.” Umehama. Pale Mbeya mjini, hewa baridi hushuka usiku kutoka mlima Loleza na kulala bondeni, juu yake hewa ya vuguvugu kama kifuniko. Boila ikiwashwa saa 11 alfajiri, moshi unabaki chini ya kifuniko hicho mpaka jua lipate nguvu. Bomba refu ni lazima, ila halitibu moto unaofuka: wekeni kuni kidogo kidogo na hewa ya kutosha, msijaze tanuru na kuliziba usiku kucha.

Hita ya gesi ya kuogea nayo, eti ni safi kwa hiyo ifungwe bafuni. Nayo huweza kutoa gesi ileile. Ifungwe nje ya ukuta, bomba la maji tu ndilo liingie.

Na vile vipande vya nguzo za umeme vyenye rangi ya kijani, vinavyogombaniwa kwa kuwa vikavu na vya bure: ukijani ule ni dawa ya kulinda mbao yenye shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Vikichomwa, sehemu ya aseniki inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu, yaleyale mnayomwaga kwenye bustani ya mchicha ya shule.