Je, wajua kwa nini mwanga katika picha za Vermeer huonekana wa kweli?

Johannes Vermeer alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi, akafanya kazi humo hadi alipofariki mwaka 1675 akiwa na umri wa miaka 43. Picha zake zinazojulikana hazifiki 40, na nyingi zinaonyesha shughuli za kawaida za nyumbani: mwanamke anasoma barua, ameshika mizani au anamimina maziwa, huku dirisha likiwa upande wa kushoto. Pieter de Hooch naye alichora maisha ya namna hiyo huko huko Delft, na kwa ustadi mkubwa, lakini hakuna aliyemfikia Vermeer katika kuufanya mwanga uaminike.

Siri yake ni kwamba aliutazama mwanga jinsi unavyogeuka kila unapogusa kitu. Picha ya mtumishi anayemimina maziwa, aliyoichora mnamo 1660 na ambayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Rijksmuseum jijini Amsterdam, ina kimo cha sentimita 45 na ushee tu, lakini ukuta wake peke yake unatosha kumfundisha mtu kutazama. Karibu na dirisha ukuta umefifia, kwa kuwa mwanga unaoingia kwa mshazari hauupati vizuri pale, na mbele ya ukuta huo uliofifia bega la mtumishi lililoangazwa hujitokeza waziwazi. Upande wa kulia mambo hugeuka: ukuta unang'aa, mwili wa mtumishi umo kivulini, na mstari mwembamba mweupe umepitishwa kwenye ukingo wake ili aachane na ukuta. Hata msumari uliopigiliwa juu ukutani una kivuli chake, na matundu ya misumari iliyong'olewa yanaonekana.

Mikate iliyo mezani ina vitone vidogo vya rangi nyeupe na ya manjano. Mkate mkavu haumetimeti hivyo. Vermeer alizidisha kwa makusudi, na jicho la mtazamaji, likisimama hatua chache nyuma, huviunganisha vitone hivyo kuwa mng'ao.

Rangi nayo ilichangia. Aliipenda mno buluu iliyosagwa kutokana na jiwe la lapisi lazuli, lililochimbwa katika milima ya Afghanistan na kuuzwa Ulaya kwa bei kubwa sana. Wenzake waliitumia kwa uchache, ilhali yeye aliitia hata mahali ambapo mtazamaji hatarajii kuikuta, kama vile chini ya rangi nyekundu ya gauni, ili vivuli vipate ubaridi wa mwanga wa mchana.

Wapo wanaoamini kwamba alisaidiwa na kamera obskura, yaani chumba au kisanduku cha giza ambamo mwanga hupenya kupitia tundu au lenzi na kuakisi taswira ya kilicho nje. Huenda aliwahi kukitazama chombo hicho, ila hakuna hati inayothibitisha kwamba alikitumia. Kilichothibitishwa ni kwamba turubai zake kadhaa zina tundu dogo la pini mahali ambapo mistari ya chumba hukutana, kwani wachoraji wa wakati huo walifunga uzi uliopakwa chaki kwenye pini na kuutumia kupiga mistari hiyo. Ustadi wa mwanga, kwa maoni yangu, ulitoka katika jicho lake na katika subira ya mtu aliyechora picha chache mno kwa mwaka.